Kovu ya Fromaji Yako

Tata yangu,

Ulinidanganya.

Ninaanza na hilo juu nikianza na salamu nitaharibu. Salamu ni ya batu benye kuambiana kweli, na weye ulinitumia uongo mu bahasha, stempu juu yake, na jina ya Yesu ku mwisho. Nimekaa hapa Kalunguta, ku baraza yako, ku kile kiti chako cha kamba chenye muguu mumoja mufupi, na nimekasirika mpaka bic inatoboa karatasi. Banasema haifai kumugombeza marehemu. Bon, nimugombeze nani? Weye ndiye ulifanya, na weye ndiye ulikimbilia mu udongo mbele sijafika.

Ile barua yako ningali nayo. Nimeibeba miaka inne mu sakoshi, imekunjwa mpaka inakatika mu mistari. "Masika mwanangu, hapana kurudi. Mangombe yote yalikwisha, basoda ba jeshi balikula. Fromaji nayo ilikufa. Hapa hakuna kitu tena cha kuona. Baki kule. Ni mimi Tata yako, mu jina ya Yesu." Maneno ni hayo tu. Ulimupa muchuruzi mumoja mwenye alikuwa anaenda Kampala kwa biashara, akaiweka ku posta, na ikanifikia Liège, kule Ubelgiji, siku ya theluji, mimi niko na tike ya ndege mu kabati. Tike, Tata! Nilikuwa nimeisha kununua. Nilisoma, nikakaa chini ku sakafu ya jiko, nikalia mangombe kumi na mbili, moja moja, na majina yao. Kesho yake nikairudisha ile tike.

Unakumbuka ile kitambaa? Najua unakumbuka, mais nitakukumbusha kwa nguvu.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa angali muzima. Kila asubuhi ulikuwa unapasha maziwa mu ile sufuria kubwa, moto ya makala, unaingiza kidole mu maziwa, unasema "bado, bado... sasa." Halafu unamwaga yale maji ya tumbo ya ndama, tumbo yenye ulikausha ku moshi na kulowesha mu chupa, na maziwa yanashikana yote kama uji muzito. Kazi hii ya fromaji, ya kutengeneza jibini, ulijifunza kwa mapadri ku misioni ukiwa kijana, ukaileta ku mulima wetu, na batu bakacheka: mwanaume anakaa ku jiko! Bakacheka, mais bakakula. Kisha unakata yale maziwa yaliyoshikana, unayafunga mu kitambaa, unaingiza kitambaa mu duara ya mbao, na juu yake unatia jiwe ya mutoni, ile yenye sisi batoto tulikatazwa kuigusa.

Siku moja kitambaa kikapasuka. Mama alikuwa ku shamba, weye ulikuwa umeenda kukata majani. Nikachukua sindano ya Mama na uzi munene, ule wa kushonea mifuko ya kahawa, nikashona. Nilishona na mukono wangu wa kushoto, ule wenye ulikuwa unaufunga na kamba ku kiti wakati ya chakula, nijifunze kula na wa kuume kama batu. Nilitaka kukusaidia, Tata. Hakuna mutu alinituma. Kesho yake fromaji ikatoka na kovu juu ya tumbo: mustari murefu na mishono saba, yote inalalia upande wa kushoto.

Ulinipiga kofi. "Sasa batu batasema fromaji yangu ilipasuliwa ku hospitali!" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Weye haukucheka. Ulienda ku soko ya Butembo na ile fromaji, umeificha chini ya zingine, na bamama ba pale, benye macho, bakaifukua. Sijui maziwa ya ile siku yalikuwa na nini, mais ilikuwa tamu. Wiki iliyofuata banauliza: "Muzee, ile yenye kovu iko wapi?" Unabapa ingine, banasukuma. Ukarudi na kinga yako, baiskeli ile, umenuna, ukaisimamisha ku ukuta, ukaniambia bila kunitazama: "Hapana kutosha ile uzi, iache pale." Ndiyo namna uliniomba pole. Sikupata pole ingine mpaka leo.

Na siku ya Mungu, kisha misa, fromaji na ndizi iliyoiva. Unachukua kisu, unanikatia pembeni, pale mustari unapita, unasema: "Kula kazi yako." Ni maneno matatu. Mimi nilikuwa nangojea maneno matatu wiki muzima.

Halafu nikaenda Poto, kule Ulaya, kusoma uinfirmière, kazi ya kuuguza bagonjwa, mbele ya vita ya kwanza, na Mama akafa nikiwa kule. Nikakuomba ruhusa ya kukuja, ukasema maliza kwanza masomo. Nikamaliza. Vita ikakuja, ikapita, ikakuja ingine. Tata, kule duka moja iko na rafu nzima ya fromaji, kutoka mulango mpaka ku ukuta! Kuko yenye kunuka soksi. Kuko yenye buluu ndani, na hiyo ndiyo banaipenda sana. Nilionja zote. Nilikuwa nasimama pale kisha kazi, na mavazi ya hospitali chini ya koti, kama mutu mwenye kungojea ndugu yake ashuke mu gari. Moja ya milima ilikuwa karibu. Mais haikuwa na moshi ya jiko ya Mama, na haikuwa na ile chumvi yako, chumvi ya mutu mwenye hasira. Muuzaji akaniuliza kama ninapenda. Nikamwambia hapana, nikaondoka na aibu.

Ndipo nilikuandikia. Nilikuandikia na furaha, bwege mimi! "Tata, kama kungali hata ngombe moja, nitarudi. Nitakaa na weye, tutafanya fromaji. Hata ngombe moja tu." Na weye ukanijibu na ile barua.

Sasa sikiliza namna nilijua.

Kambale alinipigia simu kutoka Butembo, simu ya satelite ya muchuruzi mumoja. Mwana wako huyo hajui kuzungusha maneno. "Dada, Tata hayuko tena. Ilikuwa kifua, siku tano. Tumeisha kumuzika." Nikasema "ehe." Nikasema tu "ehe," Tata, na simu ikakatika. Nikatafuta ndege mpaka Entebbe, kisha basi mpaka Kasindi, na pale ku bariere ya mupaka kijana mwenye bunduki na botte ya mupira akafungua sanduku yangu, akavaa echarpe yangu ku shingo, akaniambia "Karibu ku kwetu, Mama." Kwetu! Nikafika Beni na vumbi mpaka mu meno.

Gari ya kwenda njia ya Butembo ilikuwa inangojea kujaa. Nikaingia mu duka ya karibu kununua maji. Mwenye duka banamuita Papa Saidi, Muislamu mumoja mwembamba na kofia nyeupe, mwenye kusema polepole. Na ku meza yake, chini ya wavu ya nzi, fromaji. Na juu ya fromaji, kovu.

Nilisahau maji. Nilikaribia, nikahesabu: saba. Halafu nikaona kitu kingine. Mishono ilikuwa inalalia upande wa kuume. Ilikuwa kovu yangu, na haikuwa yangu.

"Papa, hii fromaji inatoka wapi?"

"Iko ya Kalunguta, Mama. Iko muzuri sana. Nikukatie?"

"Nani alitengeneza?"

"Kulikuwa muzee mumoja, alikuwa analeta yeye mwenyewe na kinga. Hii ni ya mwisho. Banasema alikufa, Mungu amurehemu."

Tata, nililipuka. Batu ba ku mulango baligeuka. "Uongo! Ule muzee hana ngombe miaka inne! Mulichukua alama yake, muko munauzisha jina ya mufu! Na hata kushona hamujui, mulilaza upande mubaya!"

Papa Saidi hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Mama, weye ni nani yake?"

"Mimi ni mutoto wake."

Akatosha wavu. Akachukua kisu, akakata pembeni, pale pale mustari unapita, hakuna mutu alimufundisha. Akaweka juu ya kipande ya gazeti, akaongeza ndizi moja iliyoiva. "Kula kwanza," akasema. "Kisha utanitukana vizuri, na nguvu."

Nikakula. Moshi ilikuwa pale. Chumvi ilikuwa pale, ya hasira, kama kale. Nyamuhanga, Mungu wangu! Nilisimama mu duka ya mutu, mukono umejaa ndizi, machozi inashuka ku kidevu, na nikajua ni weye. Kovu ingekuwa ya uongo, mais mudomo wangu haudanganyiki.

"Alileta lini?"

"Hii? Kama mwezi moja. Alikuwa analeta kila mwezi, vita yote. Tunamuuliza, Muzee, hauogopi njia? Anasema ngombe haijui kama kuko vita, inatoa maziwa tu."

Vita yote. Kila mwezi. Na mimi kule, ninaomboleza rafu ya duka!

Nilipanda gari, na kutoka Beni mpaka hapa nilikutukana. Si mu roho tu, na mudomo. Mama mumoja mwenye kikapo ya makayabo, samaki ya chumvi, ku magoti akanigusa: "Dada, nani alikukosea namna hiyo?" Nikasema, "Baba yangu." "Eko wapi, tumuendee?" "Ninaenda kuona kaburi yake." Akasogeza kikapo yake, nipate nafasi ya miguu.

Kambale alikuwa hapa mu lupango, ku kiwanja ya nyumba, anafagia. Alifungua mikono. Sikuingia mu mikono yake. Nyuma ya nyumba, ku muti ya avoka, kulikuwa ngombe.

"Hii ni nini?"

"Ni ngombe, dada."

"Najua ni ngombe, Kambale! Ninaona mapembe! Ninakuuliza inafanya nini hapa, ile yenye basoda balikula!"

Akaweka ufagio chini. Akaniambia yote, akitazama miguu yake. Ba kwanza balichukua mangombe saba. Ba pili, ba jeshi ingine, balichukua inne. Hata majina ya jeshi mulichoka kuyajifunza. Moja ulikuwa umeiingiza mu jiko ya Mama, mudomo imefungwa na kamba ya mugomba, na weye umelala ubavuni yake. Kitoko. Ndama ya ile Kitoko ya kale, yenye nilikuwa ninapanda mugongo. Ulimulea mu jiko miaka inne, Tata! Majani ulikata mbali ukaleta chini ya kuni. Maziwa ulikamua bila kuimba, weye mwenye ulikuwa unaimba mpaka majirani banalalamika. Fromaji ulipeleka Beni chini ya sombe, majani ya muhogo, ku kinga, muzee wa miaka yako, mu njia ile.

"Na barua?" nikauliza. "Nani aliandika barua? Haikuwa mwandiko wake."

"Ni mimi niliandika. Yeye alisema." Kambale alikuwa karibu kulia. "Yako ilifika. Alinisomesha mara tatu pale uliandika hata ngombe moja. Akasema: huyu atakuja. Huyu ni kichwa nguvu kama mimi, akisikia kuko Kitoko atapanda ndege. Andika, yote yalikwisha. Dada, ule mwezi balikuwa banashusha batu mu magari, hapo chini ku njia, banabaua. Tulikuwa tunaenda kuokota viatu."

Bon. Nimesikia. Ninajua viatu ni nini. Kila mutu hapa ananiambia: Masika, Tata yako alikupenda, alikuokoa. Asante sana! Mais nani aliniuliza kama ninataka kuokolewa? Nilikuwa mwanamuke wa miaka makumi tatu na mbili, na tike yangu. Nilijua kuko vita, Tata, redio ya kule inasema vita. Nilijua na nilitaka kukuja. Weye ulijua njia ni mubaya na bado ulipanda kinga kila mwezi, juu ulipenda ile kazi kupita kuogopa. Ya weye ni upendo, ya mimi ni kichwa nguvu? Ulijigawia hatari yote, na ngombe, na moshi, na mulima, na mimi ukanigawia linoleum ya sakafu ya Liège. Uliniibia miaka inne. Siku tano ulikuwa unakohoa ku hii kitanda, na mimi, infirmière, mwenye kushika mikono ya bazee ba batu kila siku, ninabapangusa midomo, ninabadilisha mashuka yao, sikukuwa hapa kushika wa kwako. Hiyo sitakusamehe. Niombee kule kama unaweza, mais sitakusamehe.

Haikuwa mwisho ya hasira yangu. Ngojea nikuambie ya matanga.

Siku ya inne yangu hapa, Baba mudogo Kasereka, ndugu yako ule wa sauti kubwa, alifika na kamba mupya na kisu imenolewa. Posho, ni kusema Jumamosi, ndiyo siku ya kumaliza kilio, na familia ilikuwa imeisha kuamua: Kitoko itachinjwa. Kambale alikuwa anajua. Hakuniambia, huyo naye! Nafikiri kudanganya kwenu ni urithi.

Nikasimama mbele ya ngombe.

"Masika, toka hapo," Baba mudogo akasema. "Batu batakuja toka Butembo, toka Mangina. Matanga bila nyama? Batasema nini?"

"Batasema Masika ni mujinga. Baseme."

"Huyu muzee alikuwa mukubwa wa mulima huu. Hauwezi kumaliza kilio yake na maharagi!"

"Alificha hii ngombe miaka inne, majeshi mbili haikuipata, na weye, ndugu yake, ndiye utaikula?"

Ilimuchoma, niliona. Naye akanichoma. "Weye mwanamuke wa Poto unasema nini? Haukukuwa hapa. Tulikimbia mu musitu, haukukuwa hapa. Tulizika batu, haukukuwa hapa."

"Ndiyo, sikukuwa hapa!" Nilipiga kelele mpaka Kitoko ikaruka. "Sikukuwa hapa juu mulinikatalia! Mulinikatalia na barua, na mu jina ya Yesu! Leo niko hapa, na hii ngombe hapana kuchinjwa!"

Akapima kamba mu mikono. Kambale akatazama mbali. Mimi mwenyewe sikuwa na kitu cha kubapa, nilikuwa tu na mudomo. Ndipo nikakumbuka kile chumba chako cha nyuma.

Nilikuwa nimekiingia siku ya kwanza. Fromaji saba ku mbao, na toka kifo chako hakuna mutu alizigeuza. Zilikuwa zimelala upande mumoja wiki tatu, na ndevu ya kijani. Tangu ile siku, asubuhi na magaribi, nilikuwa ninazipangusa na maji ya chumvi na kuzigeuza, moja moja, na matusi yako juu ya kila moja. Zilikuwa zimepona.

"Batakula fromaji," nikasema. "Na ndizi. Kitoko banaweza kuikula ku kilio ya mutu yeyote. Hizi ni mikono yake, na hakuna zingine."

Baba mudogo alitaka kucheka, ikakataa. Na Posho, Tata, batu balikuja, bengi, na mavitenge ya siku kubwa, balijaa lupango mpaka ku njia. Balitafuta nyama na macho. Mimi nikapita na kisu na sahani, nikakata fromaji sita mbele yao. Mimi ndiye nilikata, na mukono wa kushoto, na hakuna mutu alisubutu kunisahihisha. Mwanzo banakula kwa heshima. Kisha kelele ikashuka. Ule bibi kizee jirani yako, mwenye hana meno, akachukua kipande, akapitisha kidole juu ya ngozi yake, akasema: "Kovu iko." Akakimumunya mpaka ikaisha, akalia kama mutoto mudogo. Na Baba mudogo Kasereka alikula vipande inne, amenuna muzima, akafunga kamba yake vizuri, akarudi nayo ku kwake.

Moja nilificha. Ya saba. Usiniulize nitaifanyia nini.

Siku ya kwanza ya wiki nilikamua Kitoko. Alinipiga teke, na alikuwa na haki, mikono yangu ilikuwa baridi. Nikawasha makala. Nikaingiza kidole mu maziwa kama weye, bado, bado, sasa. Maji ya tumbo ya ndama ilikuwa imebaki robo ya chupa. Maziwa ikashikana. Sikuamini. Nikaita Kambale akuje kuona, akakuja, tukainama juu ya sufuria kama batu benye kutazama mutoto amezaliwa.

Halafu nikachukua kitambaa ku musumari. Vilikuwa vitatu, na kila kimoja kiko na kovu yake, mishono saba, inalalia kuume. Hakuna kilichokuwa changu. Na kando ya uzi kulikuwa vitone vya kahawia, vidogo, vimekauka, hata maji ya moto haikuvitosha.

"Changu kiko wapi?" nikauliza.

"Basoda balifungia nyama ndani, balienda nacho," Kambale akasema. "Akanunua kipya, akapeleka kwa mushonaji mumoja wa Bulengera, amushonee kovu. Ule mama akashona vizuri, mustari ukawa karibu hauonekani. Tata alikasirika! Akatosha uzi yote. Akakaa hapa ku kiti, na ile miwani yake yenye jicho moja, akashona yeye mwenyewe. Siku mbili. Anajitoboa, anatukana. Alianza na mukono wa kushoto, dada. Akasema ya Masika ilitoka kushoto. Alijaribu, alijaribu, mukono ikakataa. Ndipo akamaliza na wa kuume."

Nilikaa chini ku sakafu ya jiko ya Mama, kama nilikaa ile siku ya barua.

Ungeniambia, Tata! Ungeandika hiyo! Mistari yote ile ya uongo, haukupata mustari mumoja wa kuniambia kama ulikuwa unajitoboa vidole juu ya kovu ya mutoto mwenye ulipiga kofi? Ningebaki kule miaka inne ingine na hiyo tu. Hakuna sababu ya kusema ngombe ilikufa. Ungesema: Masika, Kitoko iko, ninakuomba, hapana kukuja. Ungeniomba. Weye haujui kuomba, unajua kukataza tu, na kisha unakaa peke yako ku kiti kibovu unashona.

Ndege yangu ya kurudi iliruka jana, na mimi nilikuwa ku chumba cha nyuma, ninageuza ya saba. Ku hospitali ya Liège nitaandika, ninajua kuandika. Nitabaambia kweli.

Sasa nina jibu moja tu ya kukupa. Nilichukua kitambaa chako, kile cha vitone vingi. Sikutosha uzi yako. Nikatia uzi yangu mu sindano, nikashona kando yako, mishono saba, kushoto, na hasira, mpaka kitambaa kikataka kupasuka tena. Fromaji ya kwanza iko chini ya jiwe wakati ninakuandikia. Nimeiweka chumvi mingi. Ikitoka mubaya, kosa ni yako, haukunifundisha. Ikitoka muzuri, nitaipeleka Beni, kwa Papa Saidi, nimuombe pole na mudomo, kama batu banaomba pole. Itakuwa na makovu mawili, moja inalalia kwako, moja inalalia kwangu, na mwenye kutaka kujua sababu aulize, nitamwambia yote.

Lala, Tata. Lala tu. Salama tutaizungumuza siku nitakufikia, na siku hiyo utakuwa na maneno ya kunieleza, zaidi ya matatu.

Mimi, mutoto wako wa mukono wa kushoto,
Masika